Siku ya Nne ya Kuzaliwa kwa Sultani

Kijiwe chetu kiko Kamembe, mbele ya duka la ushonaji la Sultani, hatua chache kabla barabara haijaanza kuteremka kuelekea ziwani. Ni benchi moja la mbao, ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, na Kamikazi na birika lake la kahawa ya tangawizi. Alasiri ile ukungu ulikuwa umelala juu ya Kivu, Bukavu ng'ambo ikionekana nusu, nusu haipo, na sote tumelegea kwa shibe. Ilikuwa siku ya nne tunasherehekea kuzaliwa kwa Sultani. Usishangae. Mzee anatimiza sabini na hajui tarehe yake. Kitambulisho kinasema Januari mosi, kama cha wazee wengi walioandikishwa bila tarehe. Mama yake, Mungu amrehemu, alimwachia neno moja tu: ulizaliwa juma la mvua ya kwanza, watu wakipanda maharage. Basi Jumapili mvua ya kwanza ya Septemba ilipogonga mabati, binti yake Umwali, aliyekuja kutoka Kigali, akaamua kwamba tutakula juma zima, ili siku yenyewe isituponyoke. Anayeijua amebaki mmoja duniani, dada yake Sultani, Mukamurenzi wa kule Gitambi, si mbali na hapa, aliyekuwa na miaka kumi wakati ule na ndiye aliyembeba mgongoni. Na Mukamurenzi hajatokea. Sultani alikaa nasi, macho barabarani.

— Jumatatu pilau, Jumanne samaki ya sambaza, jana mboga ya sombe, alihesabu Latifu. Tunamwita Kamusi, kwa kuwa ana methali ya kila jambo, ila mara nyingi si ya jambo lile. Leo ni nini? akauliza.

— Leo ni maandazi, Kamikazi akajibu. Umwali iko anakaanga. Ile gato, keki ya kuzaliwa, hakuna muntu anaigusa mpaka shangazi yake afike. Iko kwa frigo ya jirani tangu Jumatatu.

— Hapo njo shida iko, Latifu akasema. Bakubwa balisemaka: asiyekuwepo na lake halipo.

— Sasa asiyekuwepo ni nani? Ni dada ao ni siku?

Aliyeuliza ni Muderhwa, muuza vitenge kutoka Bukavu. Jina lake la kijiweni ni Papa Duane, maana hukuhoji kama ofisa wa mpakani: unatoka wapi, umebeba nini.

— Bote mbili, Latifu akasema, akapuliza kahawa yake.

Sultani hakugeuza kichwa.

— Miye najua juu ya nini hakuye, akasema. Mwaka jana bwana yake alikufa, sikuendaka kwa kilio. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Nikasema, nitaenda kesho. Ile kesho ikapita. Ikapita na ingine. Sasa na yeye iko ananifanyia vile nilimufanyia.

Muderhwa akamshika bega, kwa maana hakuna mtu mwepesi wa kufariji kama yeye, wala mwepesi wa kutunga.

— Wapi, Papa Sultani! Dada yako iko njiani. Anatembea na miguu. Muntu wa ile miaka anatembea sawa vile anakumbuka: polepole, na kurudia nyuma.

— Siku ine kutoka Gitambi? Latifu akacheka. Ata kinyonga angefika.

— Kila nyumba banamukaribisha, weye! Anakaa, banamupa maji, anaanza kubaelezea vile alibeba Sultani. Nyumba ya pili, tena vile vile. Atafika, lakini kwanza amalize habari.

Sultani akafumba macho.

— Ule mugongo naukumbuka, akasema. Ulikuwa unanuka moshi na majani mabichi. Nilikuwa naona dunia yote pembeni ya sikio yake. Mvua niliona pale mara ya kwanza. Ng'ombe, pale. Ata hii ziwa niliionea kwanza pembeni ya sikio ya Mukamurenzi.

Kamikazi alisahau kumimina. Birika lilibaki hewani, na kwa muda mfupi nikaona kama na mimi nimebebwa.

— Sikieni sasa, Latifu akasema, sauti ameishusha. Siku ya muntu kama haina tarehe, inatembea. Inafika mpakani, banaiuliza, weye ni ya nani? Haijui. Kila mwaka inapita hapa Kamembe kutafuta mwenyewe. Inamukuta ameinamia cherehani, haimujui na uso, inapita.

— Na inakaaga wapi mwaka muzima? akahoji Papa Duane.

— Pale, katikati ya ziwa, fasi ukungu iko.

Sote tukatazama ziwa. Nakiri nilitafuta kitu kwenye ukungu ule, mtu mzima kama mimi.

— Bon, Muderhwa akasema. Miye nitabaambia ya kweli. Mukamurenzi anaijua hiyo siku, na makusudi hataki kuisema. Ameifunga kwa ncha ya kitenge. Muntu asipojua siku yake, kifo nacho hakijui fasi ya kuanzia kuhesabu. Anamulinda ndugu yake! Siku atasema tu, "Ni Alhamisi," Papa Sultani anazeeka papo hapo, miaka sabini mara moja.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Latifu akaunga mkono.

— Hiyo inaingia wapi, Kamusi? Kamikazi akamuuliza.

— Inaingia pale pa kifo.

Tulicheka, lakini Sultani hakucheka.

— Miye nataka nizeeke, akasema taratibu. Nataka anitazame, aseme: Sultani, ulizaliwa siku hii, nilikuwa pale. Asipokuya mpaka juma inaisha, nitajua sina tena dada.

Hapo ndipo pikipiki ilipoegeshwa mbele yetu. Dereva alikuwa motari, yaani bodaboda, mgeni kijiweni, alijitaja kuwa ni Harerimana, akaomba kahawa. Akanusa maandazi, akauliza kuna nini, na Kamikazi akamsimulia yote: mvua, sabini, siku nne, dada asiyekuja. Harerimana akanywa nusu kikombe, akafuta mdomo.

— Na ule maman wa Gitambi, akauliza, ni nani aliendaka kumuita?

Latifu akamtazama Muderhwa. Muderhwa akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe.

Jumapili ile ile, kwenye benchi lile lile, Sultani alikuwa ametuomba mmoja wetu aende kumwalika dada yake. Hana simu, na mkubwa wa ukoo haitwi kwa kutumiwa salamu za juu juu. Tuliitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, Papa," kisha tukaagiza kahawa nyingine. Kijiwe ndivyo kilivyo, kila jambo linakubaliwa na hakuna anayeinuka. Mimi nilidhani ataenda Latifu. Latifu alidhani Muderhwa. Na mimi ndiye mwenye shemeji Gitambi! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Siku nne tumekula chakula cha mzee wa watu na kumtungia hadithi, naye ameketi katikati yetu akiumia.

— Papa Sultani, nikaanza, utusamehe...

Akainua mkono.

— Hakuna muntu alimuambia?

— Hakuna.

— Hajui ata kama tuko tunafanya feti ya kuzaliwa?

— Hajui kitu.

Nilingoja atutukane, na ningempa haki. Lakini uso wake ulianza kufunguka pole pole, kuanzia machoni.

— Basi hajakatala, akasema. Munasikia? Dada yangu hajakatala.

Akasimama, akafunga mlango wa duka, akamwomba Harerimana kofia ngumu ya pili. Latifu naye akaruka kutoka kwenye ndoo.

— Kaa, Papa, mimi nitaenda sasa hivi! Nitamuleta!

— Hapana, Kamusi, Sultani akasema, akipanda nyuma ya motari. Kilio ya bwana yake haitumiwe muntu. Nitalia kwanza na dada yangu. Ile siku ya kuzaliwa, akipenda, ataniambia nyuma ya kilio.