Chupa Isiyo na Asidi

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, na usingizi wa kwenye basi aliuona ni haki yake. Lakini kiti cha mbele binti wa chuo alikuwa anamlalamikia mzee aliyeketi naye.

"Hebu fikiria, babu! Mhadhiri katupa maji ya bomba la bweni tuyapime, na jibu hata yeye halijui. Sasa nitajuaje kama nimepatia?"

Mzee alicheka. "Mjukuu wangu, nimekuwa fundi wa maabara ya chuo miaka thelathini. Mwaka mmoja nikasahau kutia asidi kwenye chupa, nikawapa wanafunzi maji matupu wapime. Unajua waliandika nini?"

"Kwamba hamna asidi."

"Thubutu! Wote arobaini waliandika jibu la kitabuni."

"Wakafaulu?"

"Tena vizuri."

"Basi afadhali wao!" binti aling'aka.

Muuguzi hakucheka. Asubuhi ile, kwa haraka zake, alikuwa amemwandikia mgonjwa wa kitanda cha sita joto la jana bila kumpima.

Basi lilisimama kituoni kwake. Alishuka, akavuka barabara, akangoja la kurudi hospitalini.