Vidole vya Baba Anaclet kwenye Usukani

Leo, tarehe 31 Machi 1956, Baba Anaclet Kapya anatundika aproni baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya kupaka vyuma zinki hapa Élisabethville. Zinki nayo inashusha pumzi.

Alitoka Kambove kijana wa kupiga msasa, akapanda hadi kuwa mkuu wa mapipa ya kuchovyea. Alitufundisha sheria moja: chuma kikishaoshwa kwa magadi kisiguswe kwa mkono mtupu, maana zinki haishiki penye mafuta. Aliyegusa alitukanwa mpaka king'ora cha jioni. Sheria hiyo Baba Anaclet aliiacha getini kila siku, pamoja na glavu.

Nyumbani, kwa ndoo, betri ya lori na vipande vya zinki, aling'arisha chochote kisichoweza kukimbia: bawaba, kengele ya mbuzi, hata kufuli ambalo halijafunguka tena. Mkewe, Mama Laurentine, huficha sufuria zake chini ya kitanda.

Mwezi uliopita ikafika zamu ya baiskeli yangu, ambayo usukani wake ulikuwa umeshika kutu. Nilikuwa namwoa Hortense (jina hili bado siliandiki bila kutabasamu), na baba yake, Mzee Faustin, fundi cherehani wa Kasai, alikuwa ameapa mbele ya ndugu zake: "Mutoto yangu hatapanda kutu! Nikiona kutu, narudi naye ku nyumba."

Baba Anaclet alijitolea, ikawa zawadi yake ya harusi. Aliuosha usukani vizuri ajabu. Kisha bukari, ugali wetu, ikatengwa, na samaki wa mafuta ya mawese. Baba Anaclet akala, akalamba vidole, akavipangusa kwenye suruali, akaukamata usukani mkono mzima, akauzamisha ndooni.

Jumamosi, mlangoni pa kanisa, usukani uling'aa wote, isipokuwa vidole vitano vyekundu vya kutu.

"Ile ni mapambo," akasema Baba Anaclet.

"Ile ni mawese," akasema Mama Laurentine. "Ulipangusa mikono ku suruali!"

Watu walicheka. Mzee Faustin hakucheka; alikwisha kumshika binti yake mkono. Hortense wangu akajitoa taratibu, akakunja gauni, akapanda baiskeli mbele yangu, akaufumbata usukani palepale kwa glavu yake nyeupe.

"Baba, kutu iko wapi?"

Nikakanyaga pedali, tukaondoka.

Asante, Baba Anaclet, kwa yote uliyotufundisha, na kwa yale ambayo hukuyafuata. Ustaafu wako uwe mrefu, na sabuni isikosekane. Usukani usije kuurekebisha: Hortense bado anashika hapohapo.