Daftari la Zamu la Tata Kabeya

Ndugu, majirani na wakristo wenzetu mliofika, shemeji yangu Kazadi ndiye angesoma haya kwa niaba ya familia, lakini yuko Kasai tangu treni za waliofukuzwa mwaka 1993, kwa hiyo nasoma mimi mwenyewe, Henriette, mke wa marehemu.

Kabeya alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 3 Februari 1951, mtoto wa mfanyakazi aliyetoka Kasai, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Alisoma shule ya msingi ya parokia, akamaliza ufundi mwaka 1970, na mwaka 1972 akaajiriwa kuhudumia pampu za maji mgodini Mutoshi, ambako anayetoka zamu huandika daftarini kazi iliyobaki, na anayeingia huifanya bila kuuliza. Tulifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, tukapata watoto watatu, Dodo, Abigaëlle na Rachelle.

Machi 1993 aliambiwa hana kazi tena kwa sababu asili yake ni Kasai, na tarehe 27, tulipokuwa tunabeba godoro kwenda gare, kituo cha treni, pamoja na wengine waliofukuzwa, jiwe la waliotufukuza lilimpiga juu ya sikio, akalala siku tisa bila kujitambua. Alipoamka alijua kila pampu, alijua jina langu, lakini jambo jipya halikukaa kichwani hata robo saa, na daktari akasema sehemu hiyo ya ubongo haitapona. Tulirudi gare kusubiri treni, na hapo Abigaëlle, miaka minane, alifariki kwa surua tarehe 9 Juni. Nikakataa treni, tukabaki nilikomzika mtoto.

Kila jioni aliuliza, "Mama Dodo, Abi iko wapi?" Nilimwambia ukweli, naye akaanguka chini kama mtu anayesikia mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza, na kesho yake akauliza tena. Siku ya kumi na moja jirani yetu muuguzi, Mama Odile, alinivuta pembeni. "Acha kumuua huyu mutu kila siku. Sema mutoto iko kwa tantine wake, kule Tenke." Nikasema hivyo, kwamba yuko kwa dada yangu mjini Tenke, zaidi ya miaka miwili, akatulia, akala, hata akatania kwamba huyo dada atamrudisha mtoto mnene kuliko mama yake.

Sikujua kwamba alikuwa anaandika. Tarehe 6 Novemba mwaka huu, 1995, alifungua daftari lake la zamani la zamu, akasoma kwa mwandiko wake mwenyewe, "Abi iko Tenke, kumuleta," akavaa buti za kazi, akalichukua daftari, akafuata reli ya Tenke kwa miguu. Wachoma makaa walimkuta siku ya tatu, ameloa mvua, na homa ya mapafu ikamchukua hospitalini tarehe 12. Hadi sasa siamini. Alikwenda kwa neno langu, na ni haki yenu kulijua.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika na kulala nasi, Mama Odile, ambaye simlaumu, na wenzake wa pampu, hasa Tata Kalala, aliyekuja kila Jumapili kumuuliza habari za mashine ili ajisikie mtu wa kazi.

Kwenye ukurasa wa mwisho ameiandikia zamu inayofuata, "Sijafika Tenke. Mutoto bado. Muendelee." Jana nimeandika chini yake, zamu imepokelewa, Abigaëlle alifariki tarehe 9 Juni 1993, yuko makaburi haya, na baba yake anawekwa kando yake. Daftari linakwenda naye.

Umetoka zamu, Tata Kabeya, pumzika kwa amani.