Ukiruka, Napotea

Kijana mwenye tai alimpa mama aliyekaa naye kwenye basi karatasi ya maneno ya Kiingereza yenye maana sawa, amuulize moja moja. Kijana alikuwa anakwenda kwenye usaili wa ukarani wa ghala. Mama akauliza kuanzia juu, naye akajibu yote bila kukwama. Fundi bomba, siti ya nyuma, alimwonea fahari ingawa hamjui.

Kisha mama akauliza neno la katikati. Kijana akagusa mstari wa kwanza wa karatasi.

"Umeruka, mama. Anza juu."

"Na wasaili wakianzia katikati, baba?"

"Hawawezi kunifanyia hivyo."

"Kwani unawajua?"

"Siwajui."

Fundi akatazama nje, kwa heshima.

Basi likasimama kwenye geti la ghala. "Ukiwa foleni," mama akasema, "soma kutoka chini kwenda juu."

Kijana akamshukuru kama aliyepewa kazi yenyewe.