Binti Yangu Ng'ambo ya Ua

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Mniruhusu niseme nikiwa nimesimama wima, maana kuna wakati sikuweza kupanda hizo ngazi za mlangoni bila kushika ukuta.

Wengi mnanijua. Mimi ni Njeru, mkulima wa chai hapa hapa Kibugu. Ndugu zangu, kikohozi kilinianza majira ya baridi, wakati ukungu unashuka kutoka msituni na kila mtu anakohoa, kwa hiyo sikushtuka. Nilikunywa tangawizi. Nikanunua dawa ya maji dukani. Kikohozi kikakaa. Nikawa natoka jasho usingizini mpaka shuka linalowa, na suruali zikaanza kunivuka. Mke wangu Kendi, ambaye mnamjua kwa sauti yake kwenye kwaya, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Asubuhi moja aliona damu kwenye leso yangu. Hakulia. Alisema tu, "Vaa viatu, twende hospitali."

Ilikuwa TB. Na haikuwa ile ya kawaida! Ilikuwa TB sugu, ambayo dawa za kawaida haziiwezi. Nilishangaa, kwa sababu sikuwahi kupewa dawa za TB nikaziacha njiani. Sista, yaani muuguzi wa zahanati aliyekuwa akinihudumia, alinieleza kwamba mtu anaweza kuvuta viini ambavyo tayari ni sugu, kutoka kwa mtu mwingine. Kendi akapimwa, akapatikana mzima. Haleluya! Lakini sista alitushauri ajifungulie mbali na nyumba ninayolala, na nisimkaribie mtoto hadi makohozi yangu yapimwe na kuonekana safi.

Basi Kendi akaenda kwa mama yake kijijini Muthara, kule Tigania. Mimi nikabaki na nyumba.

Mtoto alizaliwa msichana. Mnajua desturi yetu: msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Akaitwa Wawira. Ndugu zangu, mama yangu Wawira alikufa nikiwa bado shuleni. Alikohoa kwa muda mrefu sana. Wengine walisema ni baridi ya majani chai, wengine wakasema amerogwa, wala hakuna aliyempeleka kupimwa kifua. Miaka hiyo yote nilitamani kuita tena jina hilo katika boma langu. Sasa lilikuwa limerudi duniani, lina mikono na miguu, nami siwezi kuligusa!

Kendi alikuwa akiweka simu karibu na mtoto anaponyonya. Nilikuwa nasikia akimeza, akipumua, kisha kimya. Nilikuwa nashikilia simu sikioni hata baada ya kukatika. Alinitumia picha nyingi, lakini picha haina joto. Nilipokuwa nikichuma chai na kusikia mtoto wa jirani akilia, vidole vyangu vilisimama juu ya majani.

Na dawa zile, ndugu zangu, si mchezo. Kila asubuhi nilikwenda zahanati kuzimeza mbele ya sista. Tumbo lilichafuka. Ngozi yangu ikawa nyeusi kuliko mnavyoiona leo, na watu wakanong'ona barabarani. Miguu ikaanza kuwaka moto, kisha ikafa ganzi. Jamaa mmoja akaniambia kwamba mwenye imani ya kweli hutupa vidonge. Mchungaji wetu aliposikia, alikuja nyumbani, akasimama nje uani, tukaviombea vile vidonge kisha akanitazama nikivimeza. Hata hivyo, moyoni nilikuwa nimechoka. Nilitaka kumwona binti yangu, halafu yote yaishe.

Nilimwomba sista ruhusa ya kwenda Muthara. Akanipa dawa za kubeba, akasema, "Vaa barakoa yako. Muonane nje, penye upepo, na usisogee karibu."

Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameshaniwekea kigoda upande wa nje wa ua, mahali pa wazi. Mtu ambaye kwa heshima huwa hata simtazami usoni! Aliweka kikombe cha uji wa wimbi juu ya jiwe, akarudi nyuma, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu. Kunywa." Kisha Kendi akatoka, akasimama kwenye mlango wa jikoni na blanketi mikononi.

Nilisimama. Miguu ikaanza kwenda yenyewe.

"Baba Wawira, simama hapo hapo!" Kendi aliita.

Nikasimama. Akafunua blanketi, akamwinua mtoto juu. Niliona kichwa kidogo chenye nywele nyeusi, na ngumi moja.

"Anafanana na nani?" niliuliza.

"Paji la uso ni lako. Na hasira pia."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio. Nikamwambia ukweli kuhusu miguu, kwamba sitaki tena kumeza kitu. Kendi alimfunika mtoto tena. Kisha akasema, "Huyu mtoto tayari nitamweleza juu ya nyanya aliyekufa kwa kikohozi. Usinipe kazi ya kumweleza juu ya baba pia. Rudi Kibugu. Mwambie sista kuhusu miguu, ndiyo kazi yake. Na umeze."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, lakini siku hiyo Mungu alizungumza nami kutoka mlango wa jikoni wa Muthara! Nilirudi. Nikamweleza sista kila kitu, daktari akapunguza dawa iliyokuwa ikiniumiza miguu. Nikaendelea kumeza. Makohozi yakapimwa, yakaonekana safi. Yakapimwa tena, safi! Bwana asifiwe!

Kendi alipomleta nyumbani, binti yangu alikuwa na meno tayari. Nilimchukua mikononi, naye akapiga kelele akimnyooshea mama yake mikono. Hakunijua. Angemjuaje mtu wa simu? Nilimrudisha, nikatoka nje, nikasimama kati ya mistari ya chai. Niliyoyakosa sitayapata tena. Siku hizi ananifuata mpaka zizini, lakini bado nikimtazama amelala natamani wakati ule alipokuwa mdogo wa kutosha kiganjani mwangu. Na namtamani mama yangu. Natamani mtu angemwambia, "Vaa viatu."

Leo nimemaliza dawa. Daktari ameniambia nimepona. Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi, sista aliyeningoja kila asubuhi, na mke asiyenihurumia vibaya.

Na wewe uliyeketi hapo ukikohoa ndani ya kitambaa, nakusikia. Sikusemi vibaya. Mwamini Mungu, na umwamini kiasi cha kwenda kupimwa. Usiende peke yako. Kesho asubuhi nitakuwa nje ya lango la kanisa. Njoo, hata usiponiambia jina lako. Tutakwenda zahanati pamoja, na nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe.