Mtungi Mmoja na Mama Mkwe

ACOM: Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui.

OLUPOT: Yoga, Acom, nakusalimu. Ni yule mzee wa video yako.

ACOM: Mzee gani? Video zangu ziko na wazee wengi —

OLUPOT: Mwenye mrija!

ACOM: Mungu wangu. Diwani Olupot? Yoga noi, mheshimiwa. Habari ya nyumbani?

OLUPOT: Nyumba gani? Bibi yangu Dorah ameenda kwa mama yake tangu jana.

ACOM: Pole sana. Lakini ile ni utani tu, AI ndiyo imetengeneza. Na kwa mtungi niliandika "pesa ya barabara" kwa sababu sisi wa sokoni tunaumia na mashimo —

OLUPOT: Nani amekuuliza mashimo? Wacha mashimo!

ACOM: Eh?

OLUPOT: Yule mama amevaa gomesi ya njano! Kwa nini umenikalisha naye mtungi moja?

ACOM: Aah, huyo! Huyo si mtu. Niliambia kompyuta: diwani anafyonza pombe na mrija, mzungushie watu. Ikazungusha.

OLUPOT: Imezungusha mama mkwe!

ACOM: Hapana!

OLUPOT: Sura yake, gomesi yake, mpaka pengo la meno! Kata yetu yote ya Iyolwa imeona. Na wewe ni binti ya Kiteso, Acom. Ushaona mwanaume akinywa ajono, pombe yetu, mtungi moja na mama ya bibi yake?

ACOM: Yesu! Babangu alikuwa anakwepa hata kivuli cha nyanya, mama ya mamangu. [anacheka] Nisamehe, baba, nacheka na woga. Kompyuta haina mama mkwe.

OLUPOT: Mimi niko naye! Niko hapa nje ya boma yake kama mwizi. Dorah iko ndani, hatoki. Mama amesema nimemvua nguo mbele ya watu, sasa — [mtandao unakwaruza] — tangu nioe sijamwangalia usoni!

ACOM: Unapotea, mheshimiwa!

OLUPOT: Nasema nataka bibi yangu arudi! Umesikia sasa?

ACOM: Nimesikia. Sikiza, huyo mama namtoa sai. Lakini ile ya kwanza ishatembea kwa simu za watu, siwezi kuikimbiza. Afadhali niweke ingine ya kueleza.

OLUPOT: Weka! Sema mama hakuwepo.

ACOM: "Yule si mkwe wake, ni picha ya kompyuta."

OLUPOT: Ongeza: hakugusa hiyo mtungi hata na kidole.

ACOM: "Hakugusa." Sasa watu watauliza, nani alikunywa?

OLUPOT: Mimi! Nilikunywa peke yangu!

ACOM: Pesa ya barabara?

OLUPOT: Yote! Kutoka juu mpaka chini, mama hakuonja hata tone!

ACOM: Sawa kabisa. Niweke na sauti yako, ndio mama aamini? Simu yangu inarekodi.

OLUPOT: Weka! Weka kubwa, Iyolwa wasikie — ai! Dorah amenisikia, ametoka! Anakuja huku, anacheka! Mwanangu, Mungu akubariki —

ACOM: Amina, baba. Natuma sasa hivi. Msalimie.

OLUPOT: Ubarikiwe sana, ubari... Ngoja. Acom, ngoja kwanza. Nimesema nimekunywa pesa ya—

ACOM: Haloo? Mheshimiwa? [mlio wa simu kukatika] Salio limemwisha, maskini. Na mimi nishatuma.