Bodi Isiyokosa Akidi

Mgeni rasmi, Mkaguzi wa Bodi za Shule. Mwenyekiti wa bodi yetu. Mkuu wa shule. Wazazi na wanafunzi:

MAKARIBISHO

Sisi walimu na wafanyakazi wa shule hii tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Hii ni ziara yako ya nne. Zile tatu uliishia ofisini kwa mwenyekiti, ukaandika kuwa hali yetu ni nzuri. Tulifarijika kuijua hali yetu. Risala iliyopitishwa na bodi iko hapo mezani kwako. Hii tumeiandika wenyewe.

HISTORIA FUPI

Bodi ina wajumbe saba. Mmoja alikuwa fundi seremala, mwakilishi wa wazazi, mtu wa kuuliza maswali. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulimzika sote, na mwenyekiti alihutubia makaburini.

MAFANIKIO

Tangu hapo bodi haijakosa akidi hata siku moja. Marehemu amehudhuria vikao tisa, hajachelewa hata kimoja, na mwandiko wake umezidi kupendeza. Katika kikao cha sita ndiye aliyetoa hoja kwamba mwenyekiti aazimwe bweni la wasichana, ahifadhi mahema yake ya kukodisha. Hoja ilipita bila kupingwa.

Haya tuliyajua siku mjane wake, fundi cherehani wetu, alipoleta sare. Karani alimwonyesha kitabu cha mihtasari. Mama aliitazama saini ya mumewe, akaitazama tena, kisha akaingia kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Mume wangu aliondoka kikaoni saa ngapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Nyumbani hakufika."

Akajibiwa kuwa hayo ni mambo ya bodi. Wiki iliyofuata karani alihamishiwa getini. Ndiye aliyekufungulia leo.

CHANGAMOTO

Wasichana thelathini na wawili wanalala maabara ya kemia, magodoro yamebanwa kati ya meza. Kemia tunaifundisha kwa kusimulia. Mwezi uliopita chupa ya tindikali ilivuja kando ya godoro, ikamuunguza mguu binti wa kidato cha pili. Bodi ilikaa kwa dharura ikampa pole. Marehemu alikuwepo.

Hata hivyo, ujio wako ni neema. Jana mahema yalitolewa, bweni likafagiliwa, vitanda vikapangwa. Hema moja ndilo linalokutia kivuli sasa hivi. Ziara iliyopita pia vitanda vilipangwa, vikakaa hadi gari lako lilipokata kona.

MAOMBI

Mjane anaomba mumewe apumzishwe ujumbe. Ametumikia vya kutosha. Karani anaomba meza yake. Sisi wengine tunaomba ufunguo wa bweni akabidhiwe matroni leo, mbele yako, kabla hujapanda gari. Hatutakuchosha kwa kukutembeza. Wasichana wamefunga magodoro yao tangu asubuhi, nao wamekaa juu yake mlangoni mwa maabara. Yule wa mguu tulitaka kumbeba. Amesema ataingia bwenini kwa miguu yake.

Mungu akujalie afya, akulinde njiani, na akupe siku moja wepesi wa kuja bila kutoa taarifa.

Ni sisi,
Walimu, wapishi, matroni, walinzi, na karani wa getini.